Ile Winchi Ulisema Nisiguse

Baba yangu,

Nimeigusa.

Naanza na hiyo juu unanijua. Nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe na hilo neno bado liko kwa mdomo. Ile winchi ya nyuma ya nyumba ya kuku, yenye ulifunga na gunia mbili ukasema mtu yeyote wa hii boma asiiguse mpaka dunia iishe, nimeitoa. Nimeifungua yote mpaka beringi ya mwisho. Nimeiosha na petroli, nimeiunga waya, na saa hii iko mbele ya gari ya mtu na inaivuta na kamba kutoka kwa matope.

Naandika kwa daftari yangu ya kazi, ile nachoranga waya. Mwandiko wangu unaujua, mimi niliachia darasa la saba. Nikimaliza nitampatia Mama asome, na baba mdogo asome, na wale wote walikaa kwa viti vya kukodisha siku ya lufu yako, ile ya kugawa vitu vyako, wasome pia. Mimi kuongea mbele ya watu bado sijajua. Lakini karatasi haimwangalii mtu kwa macho.

Hukuwa huko kwa lufu, wacha nikwambie. Ile siku ya tatu baada ya kukuzika, ukoo ulikaa kumaliza maneno yako. Ng'ombe yako iko kwa nani, koti yako inaenda kwa nani. Wakafika kwa winchi. Baba mdogo Wafula akasimama na ile fimbo yake. Unajua venye anasimamanga, mguu mmoja mbele kama mtu anataka kuruka mtaro. Akasema, "Hii chuma ilikula mguu wangu. Na si chuma peke yake. Nyumba ya ndugu yangu iko na mkono mbaya. Kitu ikipita kwa mkono yao, inaumiza mtu."

Watu wakaitikia. Wakasema iuzwe kwa wale wa vyuma kuukuu. Mimi nilikuwa nimekaa chini ya hema, mgongo kwa nguzo, na nilikuwa na neno. Nikalimeza. Ni Mama peke yake alisema hapana, ati wewe ulisema isiguswe, na mtu hawezi kuuza kitu bila kuigusa. Winchi ikabaki na kuku.

Mkono mbaya. Baba, unajua hiyo inafanya nini kwa fundi? Mtu redio yake inakufa hapo Sirisia, ananiona nimekaa na testa ya kupima moto wa umeme mfukoni, ananisalimia vizuri sana, halafu anapanda boda mpaka Misikhu kutengeneza huko. Mwaka mzima. Ndio nikaenda Kitale, penye hakuna mtu anajua mguu wa baba mdogo. Nikapata pahali kwa garaji moja ya jua kali, natengeneza taa, alteneta, stata. Siongei sana. Watu wa huko wananiita Kimya. Kazi inaongea yenyewe.

Sasa wacha niandike venye kila mtu anajua hiyo siku ilienda, ndio mwenye anasoma asipotee. Ulikuwa unaendesha Land Rover ya yule mfanyabiashara wa vitunguu, unatoa mizigo huko juu mlimani unaleta Sirisia. Baba mdogo alikuwa turnboy wako, utingo wa kupakia na kushusha. Ile kilima ya juu ya mto, mvua ilikuwa imeinyeshea siku tatu. Ukafunga kamba ya winchi kwa mti wa blugamu, gari ikaanza kujivuta. Katikati ukasimamisha, juu baba mdogo alitaka kuweka jiwe nyuma ya tairi, venye mlikuwa mnafanya kila siku. Ukaachilia swichi. Winchi haikushika. Gari ikarudi nyuma na matope yake yote, na baba mdogo alikuwa ameinama na jiwe mkononi.

Mimi sikuwa huko. Mimi niliona tu mkimleta amelala juu ya mlango uling'olewa kwa nyumba ya mtu, na wewe umeshika upande wa kichwa, na hukuwa unaangalia mahali popote.

Kutoka hiyo siku hukuendesha gari tena. Uling'oa hiyo winchi na mkono yako, ukaileta nyumbani. Nilikuuliza mara moja tu ilikuwa nini. Ulisema, "Ilikataa." Ukanyamaza mpaka kifo. Na mimi nikajifunza kunyamaza kwako, vizuri kuliko venye nilijifunza waya.

Lakini kuna vitu ingine ulinifunza. Ulinifunza mota ikiwa na moto unaiskia na mgongo wa mkono, si kiganja, juu ikikupiga shoti mkono unakimbia, kiganja inashika. Na ulinifunza tepu. Unakumbuka? Nilikuwa nimekaa kwa bampa, unafunga waya ya taa. Ukifika mwisho wa tepu, ulikunja ile ncha kidogo, ikabaki imesimama kama sikio. Nikakuuliza mbona unaharibu. Ukasema, "Kuna mtu atafungua hii siku ingine. Asichimbe na meno."

Mimi nafunganga hivyo mpaka leo. Huko garaji wanacheka, ati tepu ya Kimya iko na masikio kama sungura. Wacha wacheke. Taa zao zikiharibika wanachimba na meno.

Sasa venye ilianza. Kuna mama mmoja huku Kitale, Mama Wanjiru, wazazi wake walitoka upande wa Murang'a zamani wakanunua shamba hapa nje ya Kitale. Ana Land Rover kuukuu ya kutoa maziwa, na barabara yake wakati wa mvua ni kama uji. Siku moja alifika garaji na tope mpaka kwa nywele. Akasema amechoka kuvutwa na trekta ya jirani, juu jirani akimvuta anamwimbia mwezi mzima. Anataka winchi. Mpya hawezi. Wale wengine wote waliangalia chini. Mimi nikaskia mdomo wangu unasema, "Kuna moja nyumbani."

Sijui ilitoka wapi. Hiyo usiniulize.

Nilienda nyumbani siku ya soko, mchana, watu wote wanaona. Sikutaka ionekane nimeiba. Mama alinipata nimeshika gunia. Akaniambia, "Baba yako alisema nini?" Nikasema nakumbuka. Halafu akaenda akatoa kuku mwenye alikuwa amelalia mayai hapo juu, akamhamisha kwa karai, akarudi jikoni. Nilifikisha winchi Kitale ikiwa na manyoya.

Nataka nikwambie venye niliikuta, juu hakuna mtu mwingine hapa ataelewa. Ndani ya mota nyigu walikuwa wamejenga. Kaboni, zile zinasugua kupeleka moto ndani, zilikuwa zimekwisha, mbili zimebaki kama ukucha. Beringi ya nyuma imekufa kabisa. Solonoidi moja, ile swichi kubwa ya moto, imeshikana na kutu. Lakini gia, Baba. Gia zilikuwa na grisi. Si grisi ya zamani ya gari. Grisi safi, imepakwa na kidole, niliona mpaka alama za kidole. Wewe ulisema isiguswe, na ulikuwa unaigusa. Nilikaa chini kidogo.

Ikawa kazi ya wiki mbili, katikati ya kazi zingine. Nilichonga kaboni za stata ya lori mpaka zikaingia. Beringi nikapata kwa mtu wa Moi's Bridge mwenye anavunja mashine za mahindi. Waya za betri nilitumia zile nene za kuweldia, juu winchi inakula moto mingi ya betri, ukitumia nyembamba zinayeyuka kama mshumaa. Na kabla sijafungua waya yoyote nilichora kila kitu kwa hii daftari, venye ulikuwa umeunga. Hii kwa hii, ile kwa ile. Nikirudisha, nilirudisha hivyo hivyo. Sikutaka kuwa mwerevu kuliko wewe. Hata kamba niliirudisha kwa dramu, ile ngoma ya chuma inaizungusha, venye ilikuwa imejisokota, ikitokea juu.

Nikaweka betri. Nikafinya batani ya kuingiza kamba. Ikaingia. Garaji yote ikapiga makofi. Mimi nikafurahi, nikafunga kamba kwa kipande cha injini, nikainyanyua juu kidogo, nikaachilia batani.

Injini ikashuka. Haikuanguka, ilishuka polepole, hivi, kama mtu mzee anakaa kwa kiti. Breki haishiki.

Nilifungua dramu, penye breki inakaa, mara tatu. Breki ilikuwa mzima. Pedi iko, springi iko, hakuna kitu imevunjika. Nikafunga tena, ikashuka tena. Mkubwa wa garaji akasema nitupe hiyo takataka. Na nikaskia sauti ya baba mdogo hapo nyuma ya kichwa changu: mkono mbaya. Nilitaka kuitupa, Baba. Sitakudanganya.

Ni wakati nilikuwa naifuta tu, nikiwa na hasira, nikaona. Upande wa kifuniko cha gia, chini ya rangi na tope ya miaka yote, kuna mshale. Umechongwa kwa chuma yenyewe. Maandishi ya hapo karibu ni ya Kizungu, hayo siwezi. Lakini mshale hausomwi. Unaangalia tu unaelekea wapi. Na ulikuwa unaelekea kinyume na venye dramu yetu ilikuwa inazunguka.

Hapo nikaelewa.

Ile breki ya ndani inashika upande mmoja peke yake, kama mlango wenye unafunguka nje na haufunguki ndani. Kamba inatakiwa itokee chini ya dramu. Yetu ilikuwa inatokea juu. Kamba inafikaje juu? Mtu anaitoa yote, iishe, na akiwa na haraka haachi kufinya. Dramu inaendelea kuzunguka, kamba inaanza kurudi ndani yenyewe, lakini kwa upande mbaya. Kutoka hapo kila batani imegeuka. Ukifinya ya kuingiza, inatoa. Mwenye anajua atairudisha kamba kwanza. Mwenye ako na vitunguu zinaoza kwa mvua, na tajiri anapiga simu, atasema hii imeungwa vibaya. Atafungua waya mbili za mota, abadilishe hii kwa hii. Batani zitakubali tena. Kila kitu itakaa sawa. Isipokuwa breki.

Niliangalia mchoro wangu. Waya mbili zilikuwa zimebadilishwa. Na juu yake kulikuwa na tepu nyeusi, nilikuwa nimeikata nikaiweka kando kwa kifuniko cha mafuta. Nikaenda nikaichukua.

Ilikuwa na sikio.

Kwa hivyo ni wewe. Nimekuwa nikitafuta namna ya kuiandika taratibu na hakuna. Ni wewe ulibadilisha waya, Baba. Haikuwa tajiri, haikuwa mvua, na haikuwa chuma kukataa.

Na sikiza, sina hasira na wewe. Hasira niko nayo ni na hao wengine. Miaka tisa watu wanatuangalia mkono kama iko na ukoma. Laana utafanyia nini? Utaita nani? Lakini waya mbili! Waya mbili mimi nazijua. Nilichukua spana ya kumi na tatu, nikabadilisha hii kwa hii, nikatoa kamba yote nikairudisha ikitokea chini. Nikanyanyua ile injini. Nikaachilia. Ikakaa hapo juu imetulia. Nikaenda kula chakula cha mchana nikairudia, bado iko.

Mama Wanjiru alikuja kuchukua gari yake. Nilimwambia yote, mimi, mwenye siongei. Akauliza mguu wa baba mdogo ulivunjika wapi. Nikamwambia ile kilima. Akasema, "Basi peleka uijaribu huko. Kijana, mimi sitaki kitu imejaribiwa na kipande cha injini. Na mimi nakuja."

Tukaenda. Kitale mpaka Sirisia, yeye anaendesha, anauliza bei ya vitunguu kila kituo. Nilipitia kwa baba mdogo kwanza. Alikuwa anamenya muwa hapo nje. Nilisimama mbele yake na nikasema ile kitu nilikuwa nimemeza chini ya hema, isipokuwa sasa ilikuwa na mwili. Nilisema, "Baba mdogo, ni Baba alikosea. Haikuwa mkono mbaya. Alibadilisha waya mbili."

Hakuniangalia. Alimenya ule muwa mpaka mwisho. Halafu akasema, "Miaka tisa sikanyagi nyuma ya nyumba ya kuku. Kumbe ni waya."

"Ni waya."

"Nionyeshe."

Kilima iko vile uliiacha. Mvua ilikuwa imepiga usiku. Ule blugamu ulikatwa, lakini kisiki kilitoa mwingine, uko na unene wa kutosha. Niliufunga na mshipi mpana usikatwe, nikaweka gunia juu ya kamba, ndio ikikatika ianguke chini isimrukie mtu. Watu wakaanza kutoka kwa mashamba. Mama mmoja akauliza kwa sauti kama tumeleta jeneza pia. Wakacheka.

Halafu niliona baba mdogo ameokota jiwe. Anazunguka nyuma ya gari, na ile fimbo, na mguu wake. Nafikiri alitaka kuonyesha watu. Au alitaka kujua kama nauamini mkono wangu.

Baba, nilikuwa nimeshika usukani, nikashuka kwa gari. Nikasema, na nilisema kwa sauti, mpaka ng'ambo ya mto waliskia: "Hapana. Hakuna mtu anasimama nyuma ya gari. Breki ishike, isishike, hakuna mtu nyuma. Weka hiyo jiwe chini."

Mimi. Kwa mzee wa ukoo. Mbele ya watu.

Nilidhani ananipiga na fimbo. Akaweka jiwe chini, akaenda kando juu ya ukingo, akakaa kwa nyasi.

Nikavuta. Gari ikapanda, tairi zinateleza, kamba inalia. Katikati kabisa, pale pale, niliachilia batani. Nikatoa handbreki. Nikatoa mguu kwa breki.

Ikashika.

Baba mdogo akatoa ule muwa wake kwa mfuko wa koti. Akaanza kuutafuna, akiangalia gari inaning'inia hapo kwa kamba moja. Anatafuna, anatema, anaangalia. Mama Wanjiru, amesimama kando ya dirisha, akaniuliza huyu mzee anangoja nini. Nikamwambia tumwache. Alikula muwa wote, Baba, pingili kwa pingili, na mimi nimekaa ndani mguu juu, jasho inanitoka. Alipotema ya mwisho akapanguza mdomo.

"Haijasonga," akasema.

"Haijasonga."

"Toa gari basi, watu wapite."

Ilipofika juu alikuja akaweka mkono kwa winchi. Mgongo wa mkono, kwanza. Kumbe na yeye ulimfunza. Akasema tu, "Iko na moto kidogo." Na akanishika bega kushuka kilima, fimbo akaibeba kwapani.

Wikendi iliyopita nilikuwa nyumbani, akaniletea redio yake. Hakusema samahani, na sikuuliza. Lakini aliipitisha katikati ya soko, imebebwa juu, wale wote wanapelekanga zao Misikhu wakiona inaelekea kwa nani.

Kwa hivyo nasema hivi, na mwenye anasoma asome. Baba yangu alikosea. Alikuwa fundi mzuri na siku moja alikosea, na hakukuwa na mtu wa kumwambia ni nini, akabeba peke yake mpaka ikamwingiza kaburini. Mimi sitabeba hivyo. Nikikosea nifunguliwe, mtu aangalie ndani. Na mwenye ataleta neno la mkono mbaya kwa hii boma tena alete na testa.

Ulisema nisiguse. Hiyo nimekataa, na ningekataa tena. Lakini mtu mwenye hataki kitu ifunguliwe haipaki grisi. Na hakunji tepu. Mdomo wako ulisema moja na mkono wako ukasema ingine, na mimi nimefuata mkono.

Zile waya mbili nimezifunga upya. Mwisho wa tepu nimekunja kidogo.

Lala sasa.

Ni mimi, mtoto wako wa kwanza, mwenye ako na mkono kama yako.